Tanga kubwa limekuwa zito sana kupandisha, nianzie wapi kabla ya kununua vitu?

Kasa_Mnarani

Asalaam aleikum wakuu, habari za mchana. Naomba msaada kwa wale mnaozijua hizi boti za matanga za kisasa. Mi naangalia boti ya futi 36 hapa kriki ya Kilifi, ya mzee mmoja mstaafu, yeye anakaa kama miezi minne kwa mwaka, hiyo mingine yote mimi ndio naiosha, nawasha injini, naizungusha kidogo isilale. Mlingoti ni mmoja, tanga kubwa ni kama mita za mraba 28 na lina zile fito ndefu zinazotoka mbele mpaka nyuma. Henza, ile kamba ya kupandishia tanga, inashuka ndani ya mlingoti, inatokea chini, inapita kwenye roda za sitaha (vile vigurudumu vya kupitishia kamba), inaingia klachi inayobana kamba, halafu winchi ya kuzungusha kwa mkono pale karibu na usukani.

Sasa shida ni kulipandisha. Nusu ya kwanza linaenda kwa mkono ingawa kwa kulazimisha, kutoka hapo linakwama kwama, na zile mita tatu za mwisho ni winchi tu, tena mara mbili kamba imekaza ikawa kama chuma na tanga halijasogea hata kidogo nikaogopa nikaacha.

Kilichonifanya niandike ni wiki iliyopita. Tulitoka mimi, mzee na mkewe, kusi imeshashika, pale nje ya mlango wa kriki mawimbi yalikuwa makubwa kiasi. Mama alishika usukani, mi niko kwenye winchi, mzee akaenda kwenye mlingoti anisaidie kuvuta kwa mkono. Ilituchukua kama dakika kumi na mbili. Boti inageuka pembeni, tanga linapiga kelele, nikamuona mzee amekaa chini amejishika kifua. Ana miaka 71. Alisema ni kuchoka tu, lakini mimi sikulala vizuri siku ile.

Sasa anataka tuweke winchi ya umeme. Bei yake ni kubwa, na betri za boti zenyewe zimechoka. Kuna njia nyingine? Tanga lina miaka kama saba, henza sijui ina miaka mingapi.

Chumvi_Tanga

Kaka weka winchi ya umeme tu umalize maneno, afya ya mzee haina bei. Au tafuta drili ya betri ile kubwa, kuna kichwa chake maalumu kinaingia pale unapochomeka mkono wa winchi, unabonyeza tanga linapanda lenyewe.

FundiMatanga_Unguja

Pole kwa mzee, na mshukuru Mungu hamkupata jambo.

Chumvi_Tanga naomba nikupinge hapo ndugu yangu, si kwa ubaya. Tanga likiwa zito maana yake kuna kitu kimelishika. Ukiweka motor kabla hujajua ni nini kimelishika motor haitajua, yenyewe itavuta tu, na kitakachoachia kwanza ndicho utakachonunua, siku nyingine ni slaidi, vile vipande vinavyoshika tanga kwenye reli ya mlingoti, siku nyingine ni kichwa cha tanga chenyewe kinachanika. Nimeshona matanga ya namna hiyo mengi tu. Mkono wa mtu una faida moja, unasikia. Motor haisikii.

Kasa, fanya hivi, haikugharimu hata senti. Subiri siku haina upepo, boti iko kwenye boya. Fungua henza kwenye tanga. Kabla ya chochote funga kamba nyembamba ndefu kwenye ile ncha uliyofungua, nakwambia kabla ya chochote maana ikikuponyoka ikaenda juu peke yake utapanda mlingoti kuifuata. Halafu ning'iniza dumu la maji la lita 10 kwenye hiyo ncha, hiyo ni kilo 10 na kidogo. Azima mizani ya wavuvi ile ya kuning'iniza samaki, ifunge upande unaovutia wewe, vuta pole pole dumu linapanda na uangalie mizani inasema ngapi.

Pima mara mbili. Mara ya kwanza toa kamba kwenye roda za sitaha, vuta pale pale inapotokea mlingotini. Mara ya pili irudishe njia yake yote mpaka usukani. Tofauti ya hizo namba mbili ndio sitaha inakula. Ikiwa dumu linapanda vizuri sehemu zote mbili basi henza haina kosa, shida iko kwenye tanga na reli yake, na hapo ndio utaangalia slaidi.

Watu wengi hukimbilia kupulizia dawa kwenye reli, kumbe mzigo uko kwenye roda moja ndogo imejaa chumvi haizunguki, kamba inajiburuta tu juu yake.

Ukishapima rudi hapa na namba, usiniambie "nzito" au "nyepesi", niambie kilo.

Nahodha_Pate

Waleikum salaam mwanangu. Mimi hizo boti zenu za nailoni sizijui sana ila kupandisha tanga nimepandisha miaka arobaini, nitasema ninachokijua.

Kwenye jahazi foromali, ule mti unaobeba tanga, peke yake ni mzigo kuliko hilo tanga lenu na mlingoti wenu pamoja, na zamani henza zilikuwa za usumba, zikilowa maji ni kama unavuta mti. Hatukuwa na winchi. Lakini henza hatuivuti moja kwa moja. Inatoka kwenye foromali, inapita kichwa cha mlingoti, inashuka nyuma, na mwisho wake pana gofia, yaani roda. Kwenye gofia ndio inapita jarari, kamba nyingine ya kuvutia, inashuka mpaka abedari, roda ya pili iliyofungwa chini, inarudi juu, inashuka tena, na watu wanavuta jarari. Mnavuta pima nne foromali inapanda pima moja. Polepole lakini inapanda, na wazee na watoto wote wanavuta. Kwa hiyo jambo la kwanza, mzigo ukiwa mkubwa ongeza kamba, usiongeze misuli.

La pili ndilo kubwa zaidi. Mzigo si tanga, mzigo ni upepo. Sisi tukitaka kutweka na upepo upo, tanga tunalifunga kwanza kwenye foromali kwa miyaa mikavu, yale majani ya kusukia mikeka, fundo moja hapa, fundo moja pale, urefu wote. Foromali inapanda na tanga limelala kama mkeka uliokunjwa, upepo hauna pa kushika. Ikifika juu, henza imefungwa, kila mtu yuko mahali pake, ndio mtu wa demani, ile kamba ya kuongozea tanga, anavuta kwa nguvu, ile miyaa inakatika pa pa pa pa kutoka nyuma mpaka mbele na tanga linafunguka lote mara moja. Mtoto akiliona mara ya kwanza halisahau.

Wewe kwenye boti yako huwezi kufunga miyaa, tanga lako linapanda kwa reli. Lakini maana ni ile ile, tanga lisishike upepo mpaka liko juu. Umesema boti ilikuwa inageuka pembeni. Basi hapo ulikuwa unapandisha tanga na bahari nzima juu yake. Zile slaidi zikisukumwa na upepo kwa ubavu zinabana kwenye reli, hata uzipake mafuta ya aina gani hazitapanda. Injini iwe inakwenda mbele taratibu, omo, mbele ya boti, iangalie upepo sawasawa, demani iachie yote, tena uiachie kwa mkono wako, usisubiri ijivute. Na kama mlango wa Kilifi una mawimbi, pandisha tanga bado uko ndani ya kriki maji yametulia. Kwa nini utoke nje ndio ufanye kazi?

Kasa_Mnarani

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kupandisha ndani sikulifanya sababu ndani ya kriki boti ni nyingi zimefungwa maboya, niliogopa nafasi. Lakini kuna pale pana kabla ya mlango, nadhani panatosha. Na kweli demani sikuiachia yote, niliacha imeshikilia kidogo ili bumu, ule mti wa chini ya tanga, lisimpige mzee kichwani.

Fundi, mizani nimepata, kesho asubuhi napima inshaallah.

Zinjibari_Maskati

Nimepita nimeona huu uzi nikafurahi. Mi ni mtu wa Unguja niko Maskati, kazi yangu ni hizi hizi boti, kamba na milingoti. Aliyosema fundi ni sahihi kabisa na mzee wa Pate kamaliza. Naongeza machache ambayo nayaona kila wiki.

Angalia unene wa henza. Watu wakinunua kamba mpya wananunua nene wakidhani ni nguvu zaidi, klachi na roda zilitengenezwa kwa mili 10 wao wameweka 12, inapita kwa kubanwa kila mahali. Pia kamba ya zamani ganda lake la nje linavimba na kujaa chumvi, inakuwa ngumu kama waya. Itoe, lakini kwanza shona uzi mwembamba mwisho wake uvutwe ndani ya mlingoti ushike nafasi, kisha iloweke usiku kucha kwenye maji matamu na sabuni kidogo ya kufulia, suuza, anika kivulini. Utashangaa inavyolainika.

Winchi ifungue. Ndani safisha kwa dizeli au mafuta ya taa, meno yake yapake grisi nyembamba ya winchi, nyembamba sana, lakini vile vimeno vidogo vyenye springi vinavyolia tik tik usiviwekee grisi hata kidogo. Hivyo ni mafuta mepesi tu. Grisi ikivigandisha winchi itakuachia ghafla una mzigo mkononi, na ule mkono wa chuma ukizunguka nyuma unavunja mfupa. Nimeshuhudia.

Kwenye reli ya mlingoti usipake grisi, mara ya kwanza utafurahi, baada ya mwezi imeshika vumbi na mchanga umepata msasa. Osha kwa maji matamu na sabuni, ikauke, halafu sprei kavu ya silikoni au ya tefloni. Na usiipulizie upepo ukielekea sitahani, ikitua kwenye sitaha mtu atateleza aanguke baharini.

Kama yote hayo umefanya na bado, basi kuna hiyo ya mzee wa Pate kwa namna ya kisasa. Ncha ya henza badala ya kuifunga kwenye tanga unaipitisha kwenye roda iliyofungwa kichwa cha tanga halafu inarudi kufungwa kichwani mwa mlingoti. Mzigo unakuwa nusu. Ila kamba inaongezeka, mlingoti wa mita 14 ambao henza yake ilikuwa mita 34 sasa unataka kama 48, yaani lundo lote hilo liko miguuni pako karibu na usukani, na kushuka kwa tanga kunakuwa kwa polepole zaidi. Kwa boti ya futi 36 mimi nisingeanza na hiyo.

Kasa_Mnarani

Wakuu nimerudi na namba. Fundi alitaka kilo nimeleta kilo.

Mtungi wa lita 10, kuvuta pale mlingotini mizani ilisema 13. Kuvuta kutoka usukani ilisema 19. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, ni 19, ikishuka sana 18. Kisha nikafunga tanga lenyewe nikavuta kutoka usukani, mizani yangu mwisho ni kilo 50, ilifika mwisho tanga likiwa nusu ya njia. Tanga na fito zake tuliwahi kulipima likiwa nchi kavu ni kilo 17.

Kwa hiyo nikaanza kufungua. Kwenye sitaha kuna roda tatu kabla ya klachi. Ya katikati ukiitazama kwa juu ni nzima kabisa, inang'aa, lakini niliposhika lile gurudumu kwa kidole halikuzunguka. Nikajaribu kwa bisibisi, halikuzunguka. Kamba ilikuwa inajiburuta juu yake mpaka imechimba mfereji upande mmoja tu, laini kama kioo, na upande wa pili wa gurudumu bado una ile rangi ya kiwandani. Sijui miaka mingapi imekaa hivyo. Niliitoa nikailoweka kwenye maji moto na siki kidogo, chumvi ikatoka vipande vipande, sasa inazunguka lakini kwa sababu ya ule mfereji inaruka ruka kidogo, itabidi nibadilishe.

Halafu slaidi. Ziko 11. Nne zimepasuka, za plastiki nyeupe, jua limezikausha ukizikwaruza na kucha zinatoa unga kama chaki. Moja imepasuka ule mdomo wake unaoingia kwenye reli, umesimama kama jino, na kwenye reli kuna mkwaruzo mrefu inapopita. Hiyo ndio ilikuwa inakwama nina hakika, kwa sababu iko sehemu ile ile tanga linapoanza kugoma.

Na jambo la mwisho sikulitegemea, ile kamba ya pili ya kupunguzia tanga, ya kulifanya dogo upepo ukiwa mkali, ilikuwa imebanwa kwenye klachi yake. Yaani mimi navuta henza juu na kamba nyingine inalishika tanga chini. Siku ile ya mzee lazima ilikuwa imebanwa, kwa sababu tangu siku ile hakuna aliyeigusa. Hilo limeniuma sana. Nimeandika karatasi nimeibandika pale klachi zilipo, klachi zote za kufunguliwa kwanza, moja moja.

FundiMatanga_Unguja

Umefanya kazi nzuri sana Kasa, na usijilaumu, hiyo kamba ya kupunguzia tanga imewashika mabaharia wengi kuliko unavyodhani, mimi mwenyewe nimeshaitwa kwenye boti nikaikuta hiyo hiyo.

Hizo slaidi badilisha zote 11, usibadilishe nne. Zimekaa juani miaka sawa, hizo saba ziko njiani. Na ukizishona kwenye tanga usizikaze sana, ziwe na nafasi kidogo ya kucheza, slaidi iliyokazwa haikai sawa kwenye reli inapanda kwa upande. Pale mbele ya kila fito ndefu ndio penye msukumo mkubwa zaidi maana fito inasukuma mbele kwenye mlingoti, hapo weka slaidi nene zaidi kama zipo za reli hiyo. Fito zenyewe pia zilegeze kidogo, kuna watu wanazikaza mpaka tanga linafanya mikunjo.

Lile kwaruzo kwenye reli lipitishe msasa laini kabisa kwa mkono, si mashine, mpaka kidole kisisikie kitu.

Kasa_Mnarani

Sawa fundi. Slaidi nimepata kwa fundi mmoja Mtwapa alikuwa na akiba, zote 11. Nimeshona mwenyewe siku mbili, reli nimeosha kwa brashi ndefu nikiwa nimevutwa juu, nimepuliza silikoni, roda ya katikati nimeweka nyingine, henza nimeiloweka kama alivyosema ndugu wa Maskati, maji yalitoka rangi ya chai.

Namba mpya: mtungi kutoka usukani ni 15. Tanga lote, mita ya mwisho kabisa juu, ni 29. Kutoka zaidi ya 50 mpaka 29.

Jumamosi tulitoka. Tuligeuza omo kwenye upepo pale pana kabla ya mlango, maji yametulia, nikaachia demani yote, mzee nikamwambia akae kwenye usukani asiondoke. Mama akaniambia ngoja nijaribu. Alivuta kwa mikono yake, bila winchi, mpaka imebaki kama nusu mita hivi, hapo akazungusha winchi mara chache kukaza tu. Nilihesabu, dakika moja na nusu. Alikaa chini anatazama juu kwenye tanga hasemi kitu. Mzee akaniuliza, ile winchi ya umeme ulishaagiza? Nikamwambia sijaagiza. Akasema usiagize.

Chumvi_Tanga

Nimejifunza, nafuta maneno yangu ya winchi ya umeme. Swali moja, sisi huku kwenye boti ndogo tunapaka mshumaa kwenye reli badala ya silikoni, kuna ubaya?

Zinjibari_Maskati

Mshumaa unafaa kwa boti ndogo na reli ya mbao, kwa reli ya aluminiamu kwenye jua letu unalainika unashika mchanga kama grisi tu. Kama sprei huna, sabuni ya kipande ikiwa kavu ni bora, mvua ikinyesha inaondoka na unaanza upya safi.

FundiMatanga_Unguja

Kasa bado una kitu kimoja. Kilo 13 pale mlingotini kwa mtungi wa 10, hizo tatu ziko kwenye roda ya chini na ya kichwani. Zinaweza kuwa za kawaida lakini henza ilikuwa chafu ulipopima, pima tena sasa. Ikiwa bado ni 13, mtu apande aangalie ile roda ya juu, alishike gurudumu alitikise kushoto kulia, likicheza sana pini yake imelika na siku moja henza itaingia pembeni ya gurudumu ikwame kabisa, tanga halipandi wala halishuki. Na anayepanda afungwe kamba mbili, moja ya kumvuta na nyingine ya akiba inayopita njia yake yenyewe, asipandishwe kwa hiyo henza ya zamani peke yake.

Kasa_Mnarani

Nimepima asubuhi hii, ni 12 na nusu. Jumatatu maji yakiwa yamelala napanda kwa kamba ya tanga la mbele, na henza nafunga kama akiba. Kijana wa boti ya jirani atakuwa chini kwenye winchi na mama amesema atashika ile ya pili. Nitapiga picha ya pini niweke hapa.

Nahodha_Pate

Panda mapema kabla kusi haijaamka. Na mfuko wa vifaa uufunge kamba kiunoni, bisibisi ikidondoka kutoka mita 14 ina mtu chini.